Usaili wa Kazi ya Serikali Johannesburg: Lisilosemwa Haliandikwi

Mtu aliyelelewa vizuri huku kwetu huingia kwenye usaili na mzigo wa malezi: amefundishwa asijisifu. Akiulizwa alifanya nini kazini, atasema "tulijitahidi" na sifa zote atawaachia wakubwa. Kwenye usaili wa serikali ya Afrika Kusini adabu hiyo inaweza kumkosesha kazi. Waombaji wote huulizwa maswali yale yale, kila mjumbe wa kamati ana karatasi ya alama mbele yake, na lisilosemwa haliandikwi.

Hatua ya 1: Makaratasi kabla ya ndoto

Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 1994, kifungu cha 10, haina mzunguko: ajira ya kudumu kwenye idara ya serikali ni ya raia au mwenye ukaaji wa kudumu. Kibali cha kazi peke yake hakikufikishi hapo, ingawa mikataba ya muda ipo, hasa kwa madaktari. Ukiwa na shahada ya Dodoma, Makerere au Lubumbashi, ipeleke SAQA, mamlaka inayothamini vyeti vya nje. Ipeleke mapema, hata kama hujaona tangazo lolote. Tathmini huchukua muda, na tangazo halimsubiri mtu.

Hatua ya 2: Tangazo ndilo mtihani wenyewe

Kwanza jua anayeajiri ni nani. Nafasi za idara za kitaifa na za majimbo hutangazwa kwenye waraka wa idara ya utumishi wa umma, DPSA, na jimbo la Gauteng lina pia tovuti yake ya ajira. Jiji la Johannesburg ni mwajiri mwingine kabisa, lenye matangazo na utaratibu wake. Wengi huchanganya hawa wawili, kisha wanashangaa kuulizwa sheria wasiyoijua.

Idara hutaka fomu ya maombi ya kazi, Z83, ile mpya iliyoanza kutumika Januari 2021. Ijaze yote na uitie sahihi. Fomu isiyo na sahihi inaweza kukutoa kabla jina lako halijasomwa. Nakala za vyeti zilizothibitishwa siku hizi huombwa kwa walioitwa kwenye usaili tu. Kituo cha polisi hugonga muhuri bure, kwa hiyo usimlipe mtu wa kando ya barabara.

Ukishaitwa, lichapishe tangazo na uchukue kalamu. Kila jukumu lililotajwa ligeuze kuwa swali. Likisema "kusimamia kumbukumbu", jiulize: niliwahi kusimamia zipi, kwa njia gani, na nini kilibadilika? Ukijaza daftari kwa namna hiyo, maswali mengi ya siku ile hayatakuwa mageni kwako.

Hatua ya 3: Sheria chache, lakini uzijue kwa mifano

Batho Pele, yaani "watu kwanza" kwa Kisotho, ni sera ya mwaka 1997 yenye kanuni nane za kumhudumia mwananchi. Huulizwa mara nyingi sana. Kuzikariri ni nusu ya kazi. Kamati itataka kusikia ungeitumiaje ile ya kurekebisha makosa pale bibi anaporudi mara ya tatu na faili lake halionekani. Kwa upande wa fedha, idara zinaongozwa na sheria ya usimamizi wa fedha za umma, PFMA, ya mwaka 1999, na manispaa zina sheria yao, MFMA, ya mwaka 2003. Ukienda jijini kuwaelezea PFMA, watajua hujafanya utafiti. Wanaoomba uongozi kuanzia ngazi ya 13 wanahitaji pia cheti cha Nyukela, kozi ya maandalizi ya kuingia uongozi wa juu.

Hatua ya 4: Jifunze kusema "mimi"

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Chukua jibu hili la karani: "Ofisini tulikuwa na tatizo la mafaili kupotea, tukashirikiana, mambo yakawa mazuri." Kila neno linaweza kuwa kweli, lakini mjumbe hana cha kuandika. Nani alifanya nini?

Sasa lisikie hivi: "Mafaili yalikuwa yakipotea kwa sababu hakuna aliyeandika nani kayachukua. Nilifungua daftari la kuyatoa na kuyarudisha, nikawaonyesha wenzangu namna ya kulitumia, na kila Ijumaa nililikagua. Baada ya hapo tuliweza kumfuata aliyekuwa na faili." Hili si majivuno, ni ushahidi. Wenzako wamo, ila wewe unaonekana.

Andaa visa vitano au sita vya namna hii: mgogoro na mwenzako, mteja mkali, kazi ya haraka, kosa ulilolirekebisha, pesa au mali uliyoilinda. Vifanyie mazoezi kwa Kiingereza na kwa sauti, maana lugha ya usaili kwa kawaida ndiyo hiyo. Mtafute mtu wa kukusikiliza, na akuzuie kila ukisema "tuli-" bila sababu. Mtu wa namna hiyo ana faida kuliko kitabu chochote cha usaili.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Ofisi nyingi za Gauteng ziko Marshalltown, katikati ya mji, kwenye barabara kama Commissioner, Fox na Simmonds. Pitia njia siku moja kabla, saa ile ile utakayosafiri. Teksi za asubuhi zina foleni. Beba kitambulisho halisi, kwani bila hicho mlinzi wa mlangoni anaweza kukuzuia, na hatajali kwamba umechelewa. Usaili ukiwa wa mtandaoni, weka akiba ya chaji na data, umeme wa Johannesburg tunaujua.

Kamati ina wajumbe wasiopungua watatu, na mwenyekiti ni wa ngazi ya juu kuliko nafasi unayoomba. Wasalimu mara moja, kwa uchangamfu. Zile salamu zetu ndefu za kuulizana habari za nyumbani zibaki nje. Swali likikupita, omba lirudiwe. Wakiandika muda mrefu bila kukutazama usitishike, hizo ndizo alama. Huenda pia ukapewa mtihani wa kuandika au wa kompyuta.

Hatua ya 6: Baada ya hapo

Watachunguza vyeti, uraia, rekodi ya jinai na waajiri wako wa zamani, kwa hiyo waarifu wadhamini wako wapokee simu. Atakayekupigia kudai pesa ili "jina lipite" ni tapeli, hata akiwa na namba ya tangazo. Matangazo mengi husema ukikaa miezi mitatu bila habari, ujue hukufaulu. Ukitaka kuelewa ulipoangukia, sheria ya kupata taarifa ya mwaka 2000, PAIA, inakuruhusu kuiomba idara kumbukumbu za usaili wako.