Bahati Nasibu Usiyoicheza
Somo juu ya amri ya saba na amri ya kumi



Katika masomo yaliyopita tulijifunza kwamba amri ya saba ya Mungu yatukataza kuiba, na amri ya kumi yatukataza kutamani mali isiyo yetu. Leo tutazame wizi mmoja ambamo amri hizo mbili hukutana. Wizi huo hauji usiku, wala hauvunji ukuta. Huja mchana, kwa barua iliyo ndani ya simu, nao huanza kwa maneno ya furaha: "Umeshinda!"

1. Jambo lililotokea

Asubuhi moja, kabla ya masomo kuanza, mmoja wa wakatekumeni wangu alinijia akiwa na simu yake mkononi. Ni mkulima, baba wa watoto wanne, naye alikuwa ameuza mpunga wake juma lile. Akaniambia: "Mwalimu, nisomee barua hii, imeandikwa kwa Kifaransa."

Nikaisoma. Ilisema kwamba namba ya simu yake imechaguliwa kati ya namba nyingi, naye ameshinda dola 25,000 katika loteri ya ng'ambo. Ilimtaka atume kwanza dola 30 za kuandikisha jina lake, azitume kabla ya jua kutua, wala asimwambie mtu. Nikamfasiria neno kwa neno. Kisha kengele ya shule ikalia, nikaenda darasani. Sikumwambia zaidi.

Jioni ile alituma dola 30. Siku ya tatu wakamtaka dola 50 za ushuru, akazituma. Kisha wakataka dola 80 za kusafirisha tuzo, na hizo alizikopa kwa shemeji yake. Baada ya hapo namba ile haikuitika tena. Fedha za mpunga zilikuwa zimewekwa kwa ajili ya ada ya mtoto wake wa sekondari na dawa za mama yake.

Akaona haya, hata kwa majuma sita hakuja kwenye mafundisho. Nilipomwendea nyumbani aliniambia: "Mwalimu, niliona umeisoma, wala hukunionya. Nikadhani ni kweli."

Sikuwa na jibu. Basi naandika somo hili ili deni langu kwake niwalipe ninyi.

2. Loteri ya kweli ina utaratibu gani?

Bahati nasibu, ambayo wengine huiita loteri au tombola, si jambo geni katika habari za nchi yetu. Mwaka 1934 serikali ya Ubelgiji ilianzisha Loteri ya Koloni ili ipate fedha za kutegemeza hazina ya Kongo. Watu walinunua tiketi zenye namba. Namba zikavutwa hadharani. Na mwenye tiketi ya namba iliyotoka akapewa tuzo. Mwaka 1962, baada ya Kongo kujitawala, loteri hiyo iligeuzwa kuwa Loteri ya Taifa ya Ubelgiji.

Uangalieni utaratibu wake: kwanza tiketi, halafu kura, mwishoni tuzo. Asiye na tiketi hana kura, na asiye na kura hana tuzo. Nani amepata kuvuna mpunga katika shamba asilolilima wala kulipanda? Basi anayekuambia kwamba umeshinda loteri usiyoicheza, amekwisha kusema uongo kabla hajataja fedha.

Tena angalieni jambo la pili: katika loteri ya kweli, mshindi ndiye anayepewa fedha. Katika hii ya uongo, mshindi ndiye anayetoa.

3. Mtego wafanya kazi namna gani?

Ninyi mkaao karibu na Lualaba au Luama mwaujua mgono wa mvuvi. Mdomo wake ni mpana, na samaki huingia bila shida. Lakini ndani njia hupungua, na kila anaposogea mbele, kurudi nyuma kwawa vigumu zaidi. Ndivyo ilivyo barua hii. Dola 30 ni mdomo wa mgono. Mtu akiisha kuzitoa, huogopa kuzipoteza, kwa hiyo hutoa 50 ili aziokoe zile 30, kisha hutoa 80 ili aziokoe zote. Mwizi ajua kwamba fedha ya kwanza itaivuta ya pili.

Wala msidhani kwamba mwizi amekuchagua wewe. Mvuvi hamjui samaki kwa jina. Barua ile ile hupelekwa kwa maelfu ya watu kwa gharama ndogo, na kama wachache tu wakiamini, mwizi amepata faida.

Ujanja huu ni wa zamani kuliko simu zetu. Barua za kudai malipo kwanza, kwa ahadi ya mali nyingi baadaye, zilisafiri kwa posta kabla ya kuwako barua pepe, yaani barua zipitazo katika intaneti. Watu wengi huuita ujanja huo kwa namba 419, kwa sababu kifungu cha 419 cha sheria ya jinai ya Nigeria chakataza kujipatia mali kwa udanganyifu. Lakini tusilisingizie taifa moja, kwa maana wadanganyifu wamo katika kila kabila na kila nchi. Kombe la Dunia la mpira lilipochezwa Afrika Kusini mwaka 2010, watu wa nchi nyingi walipokea barua pepe za loteri zilizotumia jina la FIFA, na FIFA yenyewe ikawaonya watu kwamba ni za uongo.

Siku hizi barua hizo huja pia kwa WhatsApp na Facebook, au kama ujumbe mfupi unaojifanya kutoka kampuni ya simu. Na tangu kutuma fedha kwa simu kulipoenea nchini mwetu, kama vile kwa M-Pesa iliyoanza Kongo mwaka 2012, mwizi hana haja ya kuonana nawe. Akiisha kuzipokea fedha huzitoa upesi, na kuzirudisha ni vigumu sana.

4. Alama tano za kuitambua barua ya uongo

Ya kwanza: yatangaza ushindi wa mchezo ambao hukuucheza.

Ya pili: yadai utoe fedha kwanza, iwe kwa jina la ushuru, usafiri, muhuri au wakili.

Ya tatu: yakuharakisha. Yasema leo, sasa hivi, kabla ya jua kutua. Wazee walisema, haraka haraka haina baraka.

Ya nne: yakuamuru unyamaze. Lakini tuzo halali haiogopi majirani.

Ya tano: yataka namba yako ya siri ya fedha, au picha ya kadi yako ya kura. Namba ya siri haiombwi na mtu mwema yeyote, hata akisema yeye ni mkubwa wa kampuni.

Ukiiona hata moja ya alama hizi, simama.

5. Tufanye nini?

Kabla ya kujibu, mwonyeshe mtu mwingine barua hiyo: mke wako, mume wako, kaka yako, mwalimu, au mwenye kabini ya simu unayemwamini. Mwizi ataka uwe peke yako. Basi usikae peke yako. Usimpigie, usimtukane, usibishane naye. Ifute barua, usiipeleke kwa wengine.

Ikiwa umekwisha kutuma fedha, usitume tena hata franka moja. Nenda upesi kwa wakala na kwa kampuni ya simu, ueleze yaliyotokea. Kama uliitaja namba yako ya siri, ibadilishe mara moja. Tena jihadhari na mtu atakayekuja baadaye akiahidi kukurudishia mali yako kwa malipo madogo: mara nyingi ni mwizi yule yule katika vazi jingine.

Na sisi majirani tusimcheke aliyedanganywa. Kicheko chetu ndicho kimfanyacho afiche, na kuficha ndiko kumpako mwizi nafasi ya kurudi.

6. Maswali na majibu

Swali: Je, kucheza bahati nasibu ya halali ni dhambi?
Jibu: Mchezo wenyewe si dhambi. Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 2413, yafundisha kwamba haukubaliki ukimnyima mtu mahitaji yake au ya wenzake. Baba achezaye fedha za chakula cha watoto atenda vibaya.

Swali: Je, aliyedanganywa ametenda dhambi?
Jibu: Dhambi ya wizi ni ya mwizi. Aliyedanganywa auchunguze moyo wake: kama aliongozwa na tamaa, atubu, kama alikuwa na shida akaamini kwa kutojua, apokee faraja.

Swali: Je, aweza kuzirudisha fedha zake kwa kuwanasa wengine katika mtego ule ule?
Jibu: Hasha. Hapo yeye mwenyewe angekuwa mwizi.

Swali: Jambo hili lahusianaje na Ubatizo wetu?
Jibu: Siku ya Ubatizo tutaulizwa kama twamkataa shetani, kazi zake na fahari zake. Nyoka wa bustanini aliahidi makuu ambayo hakuwa nayo. Anayejizoeza kuikataa ahadi ya uongo katika mambo madogo ajitayarisha kuyatamka maneno yale kwa kweli.

Ndugu yule amerudi kwenye mafundisho, naye amlipa shemeji yake kidogo kidogo kila soko. Nami sasa mtu akiniletea barua, hata kengele ikilia, siondoki kabla sijamwambia maana yake.

Azimio la juma hili: Kila mmoja awafundishe watu wawili wa nyumbani mwake zile alama tano, kwanza wazee na wale wasiojua kusoma.