Bodi ya Mashine ya Kusaga Ikiungua, Tuulize Kwanza Imeunguzwa na Nini

Katika toleo hili tunataka tukae pamoja kidogo juu ya mashine ya kusaga. Tunajua vikundi vingi vya akina mama, kuanzia Litein na Sotik mpaka Longisa na Mulot, wameweka pesa zao hapo. Mashine ndogo ya stima ya kusaga mahindi na wimbi huleta shilingi kila siku. Si kama majani chai, ambayo unangoja malipo ya mwezi halafu bonasi. Lakini mashine ikisimama, inasimama na mambo mengi: mikopo ya kikundi, karo, na wakati mwingine hata urafiki.

Kwanza tueleze hiyo bodi ni kitu gani. Serikali ilipoanza mpango wa Last Mile mwaka wa 2015, bei ya kuunganishiwa stima ilishuka kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Nyumba nyingi za kijijini zikapata stima, lakini ni stima ya fezi moja, volti 240. Sasa, mota iliyo imara kwa kazi ya kusaga mara nyingi ni ya fezi tatu, na kuvutiwa laini ya fezi tatu ni gharama kubwa kwa kikundi kidogo. Ndiyo maana mashine nyingine zinakuja na kisanduku cha kuweka ukutani. Kisanduku hiki kinapokea fezi moja, kinaipa mota fezi tatu, na pia kinaongoza mwendo wake: mota inaanza polepole, inapanda mpaka mwendo wa kazi. Ndani yake mna bodi yenye vifaa vidogo vidogo. Hiyo ndiyo ikifa, mota hainguruma wala haizunguki, hata kama yenyewe ni nzima kabisa.

Kuna kikundi kimoja katika kaunti ya Bomet ambacho tumetembea nacho kwa miaka kadhaa. Hatutakitaja jina. Asubuhi moja walisikia harufu ya kuungua, na mashine ikazima. Fundi aliyeitwa kutoka mjini alitazama kidogo tu akasema, bodi imekufa, leteni nyingine. Akina mama walikuja ofisini kwetu kuuliza, nasi tukawaambia wamsikilize fundi. Wakanunua bodi kwa pesa zilizokuwa zimewekwa kwa karo ya watoto. Ikafungwa, unga ukatoka, watu wakafurahi. Baada ya wiki tatu bodi mpya nayo ikaungua.

Hapo maneno yakaanza. Wengine walisema mama mweka hazina alinunua bodi kuukuu na kula pesa iliyobaki. Risiti alikuwa nayo, lakini risiti haimnyamazishi mtu aliyekasirika. Wanachama wanne waliacha kuja mikutanoni. Sisi pia tuna kosa letu hapo. Tulitoa ushauri wa kununua kabla hatujauliza swali hata moja.

Mwishowe mama mwenyekiti alimkumbuka mzee mmoja jirani, fundi wa umeme aliyestaafu kutoka kiwanda cha chai. Viwanda vya chai vimejaa mota, na mafundi wao wameona mengi. Mzee alikuja na mita yake ya kupimia stima, akaangalia bodi zote mbili zilizoungua. Alikuwa ameazima bodi ya kujaribia, akaifunga, halafu akasema, "Mama, nipe kiti. Leo sifungui kitu kingine. Sageni tu."

Akakaa. Watu wakaja na magorogoro yao, kijana akasaga. Mteja wa kwanza alipomaliza, mzee alisimama upesi sana akamshika kijana mkono.

"Kijana, wewe huwa unazimia wapi?"

"Hapa, Mzee."

Alikuwa ameshika swichi kubwa ya zamani, iliyowekwa ukutani tangu siku za mota nyingine, katikati ya bodi na mota. Fundi wa kwanza aliikuta pale akaiacha. Na kijana hana lawama, maana ndiyo swichi iliyo karibu na mkono wake.

Shida ni hii. Bodi inapotuma stima kwa mota, inataka iwe yenyewe inayoanzisha na kusimamisha. Ukikata waya katikati wakati mota inazunguka, kisha ukarudisha bodi ikiwa bado katika mwendo wa juu, stima nyingi mno inavutwa kwa ghafla kupitia vile vifaa vidogo. Ni kama kumfunga ng'ombe kwenye plau akiwa tayari anakimbia: lazima kitu kikatike. Bodi ina ulinzi wake, inaweza kuvumilia mara ya kwanza na ya kumi. Kufanya hivyo kwa kila mteja, siku nzima, inakufa.

Mzee alikuta na jambo la pili. Mapezi ya bati yaliyo nyuma ya kisanduku, ambayo kazi yake ni kutoa joto, yalikuwa yamefunikwa na unga mweupe kama blanketi, na feni yake ndogo ilikuwa imekwama. Kisanduku kilifungwa pale pale unga unapotokea. Kikahamishwa upande wa pili wa ukuta, penye hewa safi. Swichi ya katikati ikatolewa, na kijana akapewa vibonye vya kuwasha na kuzima vinavyoiamuru bodi yenyewe.

Basi tuje kwa kazi ya kubadilisha bodi. Hatuandiki haya ili mama yeyote afungue kisanduku mwenyewe. Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA. Tunaandika ili kikundi kiweze kusimama pale na kuuliza.

La kwanza, na hili tunaomba lisomwe mara mbili: kuzima swichi kuu hakutoshi. Ndani ya bodi mna kapasita, vifaa kama vikopo vidogo, ambavyo hubaki na stima hata baada ya laini kukatwa. Katika bodi ya volti 240, stima hiyo inafika karibu volti 340, na inaweza kuua. Fundi azime kwenye laini, angoje muda ulioandikwa kwenye kisanduku (mara nyingi ni dakika 5 hadi 10), halafu apime kwa mita kabla ya kugusa. Taa ndogo ya bodi kuzima si kipimo. Fundi asiyengoja, mwambieni kwa heshima angoje. Akikataa, ni afadhali mlipe nauli yake arudi.

Kabla ya kununua bodi, mota ipimwe ikiwa imetolewa waya zote za bodi. Vipimo kati ya waya zake tatu viwe sawa sawa, na pasiwe na njia ya stima kutoka waya yoyote hadi kwenye chuma cha mota. Mkanda utolewe, mota izungushwe kwa mkono, na mashine nayo izungushwe peke yake. Kama ni nzito au inakwaruza, beringi imekwisha au kuna kitu ndani ya nyundo, na mzigo huo utaunguza bodi mpya kama ulivyounguza ya zamani. Kama skrini ya bodi bado inawaka, soma herufi zake. Nyingi huandika OC stima ikizidi na OH joto likizidi. Andika kwenye daftari kabla mtu hajazima.

Anayetumwa Kericho, Nakuru au Luthuli Avenue kule Nairobi asiende na maneno matupu. Apige picha kwa simu kibati cha mota na karatasi ya bodi ya zamani. Muuzaji anataka kujua kilowati, volti na ampea. Bodi isiwe ndogo kuliko mota. Pia waya inayoleta stima isiwe nyembamba, kwa sababu bodi ya kilowati 2.2 ya fezi moja inaweza kuvuta ampea 20 na zaidi.

Katika kufunga, pana kosa moja linaloua bodi mpya siku hiyo hiyo. Stima ya laini inaingia mahali palipoandikwa L na N, au R, S na T. Mota inafungwa kwenye U, V na W. Ukipeleka stima ya laini kwenye U, V na W, umekwisha. Halafu fundi asome kibati cha mota. Kikisema 230/400, na bodi inatoa volti 230, mota lazima iunganishwe kwa delta na si kwa nyota, la sivyo itakosa nguvu na kupata moto. Waya wa ardhi nao usisahauliwe. Sisi watu wa Kericho na Bomet tunajua radi na mvua ya mawe ya mchana. Mawingu yakikusanyika, zimeni kwenye laini, ngojeni.

Mwisho kuna kuipangia bodi. Fundi aingize ampea za mota kama zilivyo kwenye kibati, ndipo bodi itaweza kuilinda. Mwendo uishie 50, kama stima yetu. Tumeona wasagaji wakizungusha kile kidude juu ili wamalize foleni, na nyundo hazikutengenezewa mwendo huo. Wengine wanateremsha wakifikiri wanaokoa tokeni. Unga unatoka mkubwa, mota inapata moto kwa sababu feni yake inazunguka polepole, na akina nyanya wanalalamika kwamba kimyet ya wimbi ina mchanga.

Kile kikundi kilinunua bodi ya tatu kwa mkopo. Mashine inasaga mpaka leo, na daftari limefungwa ukutani kwa kamba: tarehe, aliyesaga, harufu au sauti mpya, siku ya kupuliza unga. Kati ya wale wanne, watatu wamerudi. Mama mweka hazina hakutaka tena kushika pesa, ingawa kila mtu alimwomba.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi. Mashine yetu inazimiwa wapi, na kuna swichi kati ya bodi na mota? Nani alipuliza unga mara ya mwisho, na lini? Je, tuna picha ya kibati cha mota? Fundi akisema "nunueni", nani kati yetu atamwuliza kwa nini? Na kama tulimshuku mtu wakati kitu kilipoharibika, nani atakwenda kumwona?