SOMO LA TAWI: MOYO MGONJWA NA MFUKO MTUPU



Mwenzetu mmoja, fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja hapa Uganda, alianza kuchoka kabla ya saa nne asubuhi. Miguu ilivimba, viatu vya kazi vikamkataa. Usiku alilala ameketi, mito mitatu mgongoni, maana akilala chali pumzi zilimpaa. Sisi wenzake tulimtania kwamba amenenepa. Hospitali ikagundua kwamba moyo wake umedhoofika kwa shinikizo la damu lililokaa miaka mingi bila kutibiwa. Alipewa dawa za kila siku, akapata nafuu, akarudi kazini. Baada ya miezi mitano akaanguka tena. Tulipomwuliza sababu, alisema: "Nilimeza siku moja nikaacha siku moja, ili zifike mwisho wa mwezi. Ada ya watoto ilikuwa imefika."

Somo letu la leo linatokana na jibu hilo.

1. Gharama isiyokwisha

Mtu akiugua malaria isiyo kali humeza dawa siku 3, akapona. Ugonjwa wa moyo wa kudumu sivyo ulivyo. Moyo ni pampu. Ukidhoofika, maji hubaki miguuni na mapafuni. Dawa huyapunguza maji hayo na kuupunguzia moyo kazi, lakini kwa wengi ni dawa za maisha.

Tangu mwaka 2001 hospitali za Serikali ya Uganda hazitozi ada, isipokuwa katika wodi za kulipia. Lakini dawa zikiisha stoo, mgonjwa hupewa karatasi akanunue mwenyewe. Kuna pia nauli na siku za kazi zilizopotea. Taasisi ya Moyo ya Uganda iko Mulago, Kampala. Anayetoka Arua au Kabale hulipia basi, malazi, na mara nyingi mtu wa kumsindikiza.

2. Mfuko mtupu nao huumiza moyo

Tuangalie mzunguko huu. Fedha zikipungua, mgonjwa hupunguza dawa. Dawa zikipungua, maji hurudi. Maji yakirudi, hulazwa. Akilazwa, hukosa mshahara na kukopa. Akisha kukopa, dawa hupungua zaidi. Tusiseme kwamba huyu ni mjinga au mzembe. Amelazimishwa kuchagua kati ya kidonge na ada ya mtoto.

3. Sheria inasemaje?

Uganda: Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 humpa mgonjwa mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza. Ikiwa mwezi wa pili umekwisha naye bado anaumwa, mwajiri anaweza kumwachisha kazi.

Kenya: Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 hutoa angalau siku 7 za mshahara kamili na siku 7 za nusu mshahara kwa mwaka.

Tanzania Bara: Sheria ya mwaka 2004 hutoa siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 za pili kwa nusu mshahara.

Kuhusu bima, tangu Oktoba 2024 mfanyakazi wa Kenya hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya bima ya afya ya jamii. Uganda, Bunge lilipitisha muswada wa bima mwaka 2021, lakini haukutiwa saini.

Tukumbuke kwamba sheria ni kima cha chini tu. Chama kinaweza kudai zaidi katika mkataba wa hali bora za kazi.

4. Tufanye nini?

(a) Kila mmoja wetu apimwe shinikizo la damu, hata kama hajisikii vibaya. Likionekana mara kwa mara kuwa 140/90 au zaidi, anahitaji kutibiwa.

(b) Mwenye moyo dhaifu ajipime uzito kila asubuhi. Ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, aende kliniki mapema.

(c) Asipunguze dawa kwa siri. Amwambie daktari wazi kwamba fedha hazitoshi, aulize kama ipo dawa ya bei nafuu inayofanya kazi ile ile.

(d) Tawi lidai siku ya kliniki isiyokatwa mshahara, kazi nyepesi kwa mgonjwa, na likizo ya ugonjwa iliyo ndefu zaidi.

(e) Mfuko wa kusaidiana ulipie dawa na nauli kila mwezi.

Hili la mwisho tulijifunza kwa uchungu. Fundi yule alipofariki, tulichanga kwa siku moja fedha za jeneza na za gari la kumpeleka kwao. Tulipopiga hesabu baadaye, tuliona kwamba fedha hizo zingetosha kununua dawa zake kwa zaidi ya mwaka mmoja. Hakuna aliyekuwa mchoyo. Tulizoea tu kuchangia msiba, hatukuzoea kuchangia uhai.

Maswali ya majadiliano

1. Katika tawi letu, ni nani wanaotumia dawa za kila siku, na je, wanaweza kusema bila kuogopa kufukuzwa?

2. Mkataba wetu unatoa siku ngapi za ugonjwa kuliko sheria?

3. Mfuko wetu hutumia kiasi gani kwa mazishi, na kiasi gani kwa matibabu?

Katibu wa tawi ayaandike majibu, yasomwe katika mkutano ujao.