Somo: Punda Aliyelala Chini ya Mzigo Wake

Someni kwanza Kutoka 23, mstari wa 4 na wa 5, ndipo mrudi hapa.

Amri hiyo ni fupi, nayo ni ngumu. Yamhusu mtu apitaye njiani akakuta punda ameanguka chini ya mzigo. Na mwenye punda si rafiki yake, bali ni mtu amchukiaye. Haimruhusu kupita. Tena angalieni, haisemi kwamba aende akawaite wazee wa mji kwanza. Yamshika yule aliyeona.

Katika Tarime punda twamjua. Hubeba mahindi kutoka shambani, hubeba maji na kuni, na mwanamke aliye na punda mgongo wake hupumzika. Sisi hatumli. Kwa hiyo iliposikika ya kwamba ng'ambo ya Sirari punda wachinjwa kwa maelfu, ilikuwa vigumu kusadiki. Lakini ilikuwa kweli. Tangu 2016 serikali ya Kenya ilitoa leseni kwa machinjio ya punda, hata yakawa manne: Naivasha, Mogotio, Machakos na Turkana. Ngozi zilipelekwa China, ambako huchemshwa zitoe gundi ya kutengeneza dawa iitwayo ejiao. Wala tusiwanyoshee kidole majirani peke yao, maana Tanzania nayo ilikuwa na machinjio ya namna hiyo, Dodoma na Shinyanga.

Taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo ya Kenya ilihesabu ya kwamba tangu Aprili 2016 hata Desemba 2018 walichinjwa punda zaidi ya 300,000. Nanyi mwajua, punda jike huchukua mimba karibu mwaka mzima, akazaa mtoto mmoja tu. Walipopungua wa kununuliwa, wakaibwa. Wenyewe waliamka asubuhi wakakuta mzoga porini, ngozi imekwenda. Wengine walivushwa mpaka kutoka kwetu kwa njia za panya.

Mzee mmoja wa kanisa aliniuliza, "Baba Mchungaji, si machinjio yale yalikuwa na leseni na wakaguzi? Sisi twajisumbulia nini?" Swali lake ni la haki. Lakini mkaguzi wa nyama kazi yake ya kwanza ni kumlinda mlaji. Humtazama mnyama kabla ya kuchinjwa, kisha hupasua ini na moyo akitafuta minyoo na magonjwa, akagonga muhuri. Siku mbili za kusimama ndani ya lori bila maji hazionekani katika muhuri ule. Fimbo nazo hazionekani. Mkaguzi yuko mwisho wa njia, na mateso mengi yako njiani.

Nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya 2008, ikatazayo kumtesa mnyama. Ni sheria njema, naisifu. Walakini afisa mifugo mmoja hawezi kuwapo kila mahali, na mbuzi wengi huchinjwa nyumbani, alfajiri, pasipo afisa wala muhuri.

Tena wakubwa wenyewe hawakuwa na neno moja. Februari 2020 waziri wa kilimo wa Kenya aliamuru machinjio ya punda yafungwe. Mei 2021 Mahakama Kuu ikaitangua amri ile. Tanzania ilikataza uchinjaji huo mwaka 2022. Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika, walipokutana Addis Ababa, wakaikataza biashara ya ngozi za punda katika bara zima kwa miaka 15. Namshukuru Mungu kwa hayo. Lakini muda wote huo wakubwa walipokuwa wakishindana, punda walikuwa katika malori, na aliyewauza alikuwa mtu wa kijiji, na jirani yake aliona.

Hapo ndipo Katekisimo ituguse. Luther, katika kueleza amri ya saba, hakuishia katika kutokuiba; alitaka tumsaidie jirani mali yake ilindwe. Basi mtu akija jioni kununua punda, wala hajali umri wala afya yake, wala hataki kuonyesha kibali cha kusafirisha mifugo, Mkristo haulizi bei kwanza. Amwulize anampeleka wapi.

Wainjilisti, msifundishe jambo hili kana kwamba ni dhambi ya ng'ambo tu. Mwaka jana nalinunua mbuzi kwa sikukuu ya mavuno. Aliletwa juu ya pikipiki, miguu imefungwa pamoja, kichwa chaning'inia karibu na gurudumu, naye amekwisha nyamaza. Nalimwona, wala sikusema neno, maana bei ilikuwa nzuri na wageni walikuwa wakingoja. Siku hizi nikifundisha mstari wa 5, naanza na mbuzi huyo.