Kisima Kinanuka Petroli

*Swali: Tunaishi Bumula, chini kidogo ya kituo cha mafuta. Tangu mvua ianze, maji ya kisima yananuka petroli, na ndoo ikitulia naona utando wa rangirangi juu. Je, nikiyachemsha yatafaa? – Mama wa watatu*

Jibu: Pole, mama. Wasiwasi wako una msingi. Maji hayo msinywe, msipikie wala msioge. Kuyachemsha ni hatari zaidi: petroli ina benzini, ambayo hugeuka mvuke mkauvuta, na mvuke huo hushika moto.

Tangi la chuma lililozikwa huliwa na kutu, na tundu dogo huvuja kwa miezi bila kuonekana. Petroli hupenya udongo, huelea juu ya maji ya ardhini na kufuata mteremko hadi kisimani. Huko Thange, Makueni, mafuta ya bomba lililovuja mwaka 2015 yaliharibu maji ya wakazi.

Funikeni kisima na msiwashe moto karibu. Tekeni maji mbali, upande wa juu wa kituo. Waarifuni NEMA (mamlaka ya mazingira), EPRA (mamlaka ya nishati na petroli) na afisa wa afya ya umma, kisha mwombe maji yapimwe maabara. Mwenye kituo naye apime tangi kwa kijiti kila siku na kulinganisha na mauzo. Upungufu unaojirudia ni dalili ya uvujaji. Tangi la juu ya ardhi lizungushiwe ukuta usiopitisha mafuta.

Mtoto akinywa maji hayo na kukohoa, kutapika au kusinzia, msimtapishe. Mkimbizeni hospitalini.