Salamu Bila Jina: Kadi ya Krismasi na Hatima Yake katika Njia ya Kale ya Misafara ya Tabora

1.0 Utangulizi

Kila ukaribiapo mwezi wa Desemba huzuka mjadala juu ya desturi ya kutumiana kadi za Krismasi kwa njia ya posta: je, desturi hiyo inakufa? Mjadala huo aghalabu huishia kwenye bei ya stempu na wingi wa simu za mkononi. Makala haya yanaliangalia suala hilo kwa upande wa lugha, na yanajikita katika Tabora, mji uliokuwa njia panda ya misafara ya karne ya 19 na ambao baadaye ukawa njia panda ya reli.

Tabora imechaguliwa kwa sababu salamu za mbali zimepita hapo kwa vyombo vingi mbalimbali: mgongoni mwa mpagazi, ndani ya behewa, katika sanduku la posta, katika mawimbi ya redio, na sasa katika simu. Mahali palipokwisha kushuhudia vyombo kadhaa vikizaliwa na kufa panafaa kutufundisha nini hasa hufa chombo kimoja kinapotoweka.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kadi ya posta kwa kweli inaelekea ukingoni, lakini kifo chake si msiba wenyewe. Kinachostahili kuwashughulisha wanaisimu ni jambo ambalo vyombo vyote vya awali vililihifadhi na ambalo chombo cha sasa kinaruhusu liachwe: kumtaja msalimiwa kwa jina na kwa cheo chake kwa msalimu.

2.0 Barua katika Njia ya Misafara

Njia kuu ya misafara ilianzia Bagamoyo, ikapita Ugogo hadi Unyanyembe, na kutoka huko ikaendelea hadi Ujiji, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Safari ya kutoka pwani hadi Tabora ilichukua miezi. Burton na Speke, mathalani, waliondoka pwani mwezi Juni 1857 na wakaingia Kazeh, katika eneo la Tabora ya leo, mwezi Novemba. Wapagazi wa Kinyamwezi, waliokuwa uti wa mgongo wa misafara hiyo, walichukua pembe na vitambaa, na pamoja navyo barua.

Ugumu wa kupeleka barua katika njia hii unadhihirishwa na mkasa wa mfuko wa barua za Livingstone. Mfuko huo ulitumwa kutoka Zanzibar mwezi Novemba 1870. Stanley alipofika Unyanyembe katikati ya mwaka 1871, barua zilikuwa bado ziko huko, na yeye ndiye aliyezifikisha Ujiji mwezi Novemba mwaka huo. Zilikuwa zimekaa njiani kwa takriban mwaka mzima.

Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili nao walikuwa na utaratibu wao wa kuandikiana kwa hati za Kiarabu. Barua za aina hiyo zilikusanywa na C. G. Büttner katika kitabu alichokichapisha Berlin mwaka 1892, na mkusanyiko huo umekuwa hazina kubwa kwa watafiti wa lugha ya Kiswahili ya wakati ule. Kimuundo, barua ya namna hiyo ilikuwa na sehemu zinazotambulikana kwa urahisi. Ilianza kwa kumtaja mpokeaji pamoja na sifa na cheo chake. Ikafuata salamu na dua. Kisha neno la kuvukia kwenye maudhui, kama vile *ama baada*. Halafu habari yenyewe. Na mwisho salamu kwa watu wengine, wakitajwa mmoja mmoja, na jina la mwandishi.

Ikumbukwe kwamba jina halikuwa pambo katika barua hizo. Pasipo nyumba zenye namba wala mitaa yenye vibao, jina ndilo lililokuwa anwani. Mchukuzi alihitaji kujua barua ni ya nani, mwana wa nani, anakaa kwa nani. Kwa hiyo kutaja jina kulitimiza kazi mbili kwa pamoja: kumwelekeza mchukuzi na kumheshimu msalimiwa.

3.0 Kadi, Reli na Sanduku la Posta

Kadi ya Krismasi ilizaliwa mbali na Unyanyembe. Ile inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya kibiashara ilitolewa London mwaka 1843 na Henry Cole, ikachorwa na John Callcott Horsley, miaka mitatu baada ya Uingereza kuanzisha posta ya nauli moja ya peni moja. Kwa mada yetu, jambo la kuzingatia katika kadi hiyo ni kwamba maneno ya heri yalikuwa yamekwisha chapwa, lakini pameachwa nafasi mbili tupu: moja ya jina la mpokeaji na nyingine ya jina la mtumaji. Mchapaji alijua kwamba anaweza kumwandikia mtu heri, lakini hawezi kumwandikia majina.

Utamaduni huo ulifika magharibi mwa Tanzania pamoja na misheni, ofisi za serikali na shule. Mapadri wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, waliofahamika zaidi kwa jina la Mapadri Weupe, waliingia Tabora mwaka 1878. Kama ilivyokuwa kwa Mapadri wa Roho Mtakatifu waliofungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, wengi wao walikuwa Wafaransa. Neno *Noeli*, ambalo hata leo lina nguvu zaidi miongoni mwa Wakatoliki kando ya *Krismasi*, ni ushahidi wa kileksika wa historia hiyo.

Reli ndiyo iliyobadilisha mwendo wa barua. Njia ya reli kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la Mwanza lilikamilika mwaka 1928. Safari iliyochukua miezi ikawa ya siku chache. Hata vita havikukata haja ya kuandikiana: baada ya majeshi ya Ubelgiji kuiteka Tabora mwezi Septemba 1916, stempu za Kongo zilipigwa chapa ya juu ili zitumike katika maeneo yaliyokaliwa.

Shule za bweni zilikuwa uwanja mwingine wa kadi. Tabora ilikuwa mji wa shule; Julius Nyerere alisoma katika Shule ya Serikali ya Tabora tangu 1937, na baada ya kurudi kutoka Makerere alifundisha katika Shule ya Mtakatifu Maria mjini humo. Mwanafunzi aliyekuwa mbali na kwao alitegemea posta, na katika shule nyingi za bweni majina ya waliopata barua yalisomwa mbele ya wenzao. Kutajwa huko kulikuwa sehemu ya zawadi yenyewe.

Nchini Tanzania barua kwa kawaida haikupelekwa mlangoni. Ilikwenda katika Sanduku la Posta, na mara nyingi sanduku hilo lilikuwa la shule, parokia au ofisi ya mwajiri. Kadi moja iliweza kupita mikononi mwa karani, mwalimu au katekista kabla ya kumfikia mwenyewe. Kwa hiyo mantiki ya msafara iliendelea ndani ya posta ya kisasa: sanduku lilikuwa la wengi, na jina ndilo lililoitenga kadi ya mtu mmoja. Utaratibu huo haukuwa wa Wakristo peke yao. Katika mji wenye Waislamu wengi kama Tabora, kadi za Idi zilifuata muundo uleule.

4.0 Kadi za Salamu za Redio

Kati ya posta na simu ya mkononi kulikuwa na chombo cha kati ambacho hakijachunguzwa ipasavyo, nacho ni kadi ya salamu ya redio. Msikilizaji alijaza katika kadi jina lake, mahali alipo na orodha ya watu anaowasalimu, akaituma kwa posta katika kituo cha redio, na mtangazaji akaisoma hewani. Utaratibu huu ulistawi katika enzi ya Radio Tanzania Dar es Salaam, ukaendelea katika vituo vya watu binafsi vilivyoanzishwa tangu miaka ya 1990.

Kiisimu, kadi hiyo ni ya kuvutia kwa sababu ilipunguza salamu hadi kwenye kiini chake. Matini yake yalikuwa majina matupu na mahali: fulani wa Urambo, fulani wa Nzega, na wote wanaomfahamu. Habari haikuwemo, wala dua ndefu, lakini msikilizaji aliisubiri kwa hamu. Kama salamu inaweza kubaki na majina peke yake na bado ikawa salamu kamili, basi jina si kiungo cha pembeni katika kitendo-usemi hiki.

5.0 Ujumbe wa Simu na Lugha Yake

Ujumbe mfupi wa kwanza wa simu ulimwenguni ulikuwa salamu ya Krismasi. Tarehe 3 Desemba 1992, nchini Uingereza, mhandisi Neil Papworth alimpelekea Richard Jarvis wa kampuni ya Vodafone maneno mawili tu ya kutakia Krismasi njema. Chombo kipya kilianza kazi kwa kurithi kazi ya kadi, lakini bila nafasi mbili tupu za mwaka 1843.

Ujumbe unaoandikwa kwa ajili ya mtu mmoja unaweza, bila shaka, kumtaja. Tatizo limo katika ujumbe unaosambazwa, yaani ule unaotungwa mara moja na kupelekwa kwa watu hamsini. Tulinganishe miundo miwili ifuatayo, iliyotungwa hapa kwa ajili ya ufafanuzi:

(a) Mama mdogo, shikamoo. Nakutakia wewe na baba Noeli njema. Wasalimie bibi na wadogo zangu wote.

(b) Nakutakia heri ya Krismasi na fanaka ya Mwaka Mpya wewe na familia yako.

Tungo (a) haiwezi kusambazwa. Istilahi ya ujamaa, *mama mdogo*, inamfunga mpokeaji mmoja. *Shikamoo* inafunga uhusiano wa umri na heshima, na inadai jibu la *marahaba*. *Wadogo zangu* inamfunga msemaji mwenyewe. Tungo (b) inaweza kumfikia yeyote. Kiambishi cha mtendwa *-ku-* kinaonyesha nafsi ya pili umoja, kana kwamba msemaji ana mtu mmoja mbele yake. Lakini kiambishi hicho hakibainishi jinsia, umri wala uhusiano. Kwa hiyo lugha yenyewe inatoa nafasi ya kusema *wewe* pasipo kumkusudia mtu. Laiti msambazaji angetumia *-wa-*, angalau angekiri kwamba anahutubia umati.

Ili salamu isambazwe, basi, lazima kwanza ivuliwe *shikamoo*. Hapo ndipo penye uzito wa suala hili. Katika Kiswahili, na kadhalika katika lugha za eneo hili kama vile Kinyamwezi, ambamo mtu huamkiwa *mwangaluka* asubuhi na *mwadila* jioni, salamu ni tendo la kuanzisha mabadilishano: ina mwanzo na ina jibu. Matini (b) aghalabu hujibiwa kwa matini nyingine ya kusambazwa. Watu wawili wanaweza kubadilishana heri bila yeyote kati yao kuwa amemsalimu mwenziwe.

Yapo mapingamizi ya haki. Mosi, kadi ya dukani nayo ilikuwa na maneno yaliyochapwa, na ofisi nyingi zilituma kadi kwa mamia. Hili ni kweli, lakini mtumaji alilazimika kuandika jina na anwani kwa kila bahasha. Kila mpokeaji alifikiriwa, japo kwa dakika moja. Pili, simu imewafikia wengi ambao hawakuwa na sanduku la posta wala fedha za kadi. Hili nalo ni kweli, na ni faida isiyopaswa kubezwa: sauti ya mjukuu siku ya sikukuu hubeba *shikamoo* na *marahaba* vizuri kuliko kadi yoyote. Kwa hiyo lawama haiangukii simu, bali usambazaji.

6.0 Kadi Isiyokufa

Wapo wanaodai kwamba karatasi yenyewe ndiyo iliyopitwa na wakati. Ushahidi wa ulimwengu unaonekana kuwaunga mkono: mwaka 2025 shirika la posta la Denmark, PostNord, lilitangaza kuacha kabisa kupeleka barua mwishoni mwa mwaka huo. Nchini Tanzania, Shirika la Posta, lililoanza kazi mwaka 1994 baada ya kugawanywa kwa Shirika la Posta na Simu, limezidi kuelekeza nguvu katika vifurushi na huduma za haraka.

Hata hivyo, kadi za michango na mialiko ya harusi zinaendelea kustawi Tanzania, Tabora ikiwamo. Hata zinapotumwa kama picha kwa WhatsApp, aghalabu jina la mwalikwa huandikwa, pamoja na *Bwana na Bibi* au *Familia ya*. Tofauti yake na kadi ya Krismasi haiko katika karatasi. Kadi ya mchango humtaja mtu kwa sababu inamdai, na deni halisambazwi bila jina. Salamu ya sikukuu haimdai mtu chochote, na kwa hiyo jina lake ndilo la kwanza kuachwa. Tofauti hii inathibitisha kwamba chombo kipya hakikatazi majina. Watumiaji ndio wanaochagua pa kuyatumia.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba katika njia ya kale ya misafara kadi ya Krismasi ilikuwa mgeni wa muda, iliyorithi kazi ya barua za mchukuzi na kuikabidhi kwa redio na simu. Kufa kwake hakutaua salamu. Kinachodhoofika ni sharti la kumtaja msalimiwa na kumweka mahali pake kwa *shikamoo*, *mama mdogo* au *ndugu yangu*.

Jambo la mwisho linawahusu watafiti moja kwa moja. Kiswahili cha barua za karne ya 19 kinajulikana leo kwa sababu karatasi zilikusanywa na kuchapishwa. Kadi na barua za karne ya 20 bado zimo katika masanduku ya chuma na mabegi ya nguo ya wazee wa Tabora, Urambo, Nzega na Ujiji, na hupotea kila nyumba inapohamwa au mwenyewe anapofariki. Ujumbe wa simu nao hupotea pamoja na simu. Inapendekezwa kwamba wanafunzi wa uzamili wenye asili ya maeneo hayo waanze kuzikusanya kwa idhini ya wenyewe na kuzinakili, majina ya watu yakifichwa katika machapisho lakini istilahi za ujamaa na maamkizi zikiachwa kama zilivyo. Katika hizo ndimo utafiti wa baadaye utakapoweza kuona namna Waswahili wa bara walivyoitana walipokuwa mbali.