Kalori za Kupunguza Uzito: Anza na Pakiti ya Unga na Chupa ya Mafuta

Nambari ya kalori 1,200 kwa siku imeenea kwenye simu za watu kana kwamba ni amri ya daktari. Anapewa mama anayesimama sokoni Kibuye tangu alfajiri, anapewa karani anayeketi ofisini kutwa, anapewa kijana wa bodaboda wa Kondele, na hakuna anayeulizwa uzito, urefu wala umri wake. Naipinga nambari hiyo. Kwa watu wazima wengi wa Kisumu na vijiji vya ufuoni, kiwango kinachopunguza mwili huku mtu akibaki na nguvu za kufanya kazi kiko kati ya 1,500 na 2,000. Kukifikia hakuhitaji kukodolea macho kila sahani. Kunahitaji kupima vitu viwili kabla havijaingia kwenye sufuria, yaani unga na mafuta, na sukari ikifuata nyuma. Kalori ninazozitaja ni zile zinazoandikwa kcal nyuma ya pakiti.

Tuanze na hatari ya kwenda chini mno. Kati ya 1944 na 1945, mtafiti Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwalisha vijana 36 waliojitolea takriban kalori 1,570 kwa siku kwa wiki 24, huku wakitembea kilomita 35 hivi kila wiki. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Walihisi baridi wakati wote, walikosa raha, wakawaza chakula usiku na mchana, na walipoachiwa kula walivyotaka, wengi walikula kupita kiasi. Utafiti huo ulikuwa wa njaa, tena kwa makusudi, na bado wale vijana walikuwa wakila zaidi ya 1,200. Hapa kwetu, Shirika la Takwimu la Taifa, KNBS, linapokadiria umaskini wa chakula hutumia kalori 2,250 kwa mtu mzima kwa siku. Mtu anayejipangia nusu ya kiasi hicho huku kazi zake zikiwa zile zile asishangae akizidiwa siku ya kumi na kurudi kwenye chapati nne.

Nambari yako mwenyewe inapatikana kwa hesabu ya darasa la sita. Kanuni inayotumika sana na wataalamu wa lishe ni ya Mifflin na St Jeor, iliyochapishwa 1990. Zidisha uzito wako kwa kilo mara 10, jumlisha urefu wako kwa sentimita mara 6.25, kisha toa umri wako mara 5. Mwanamke atoe 161 zaidi, mwanamume ajumlishe 5. Jibu ni kalori ambazo mwili hutumia ukiwa umelala tu, moyo ukidunda na mapafu yakivuta pumzi. Chukua mwanamke wa miaka 38, kilo 82, urefu sentimita 160: anapata 1,469. Kama kazi yake ni ya kukaa na kutembea kidogo, azidishe kwa 1.375, apate takriban 2,020. Akitoa 400, atakula 1,600 hivi. Mwanamume wa miaka 42, kilo 90, sentimita 172, aliye na shughuli kama hizo, anafika 2,430. Akitoa 500 anabaki na 1,900 na ushei. Kikomo ninachopendekeza ni kutoshuka chini ya ile nambari ya mwili uliolala. Tofauti ya kati ya 400 na 500 inatosha kuusogeza mshale wa mizani, na haikufanyi ukose usingizi kwa njaa.

Pingamizi la kwanza ni zito, nami sitaki kulipita juu juu. Watu watasema: sisi hatupimi chakula, tunakula pamoja, ugali unakatwa kutoka kwenye sinia moja, nani atajua amekula gramu ngapi? Ni kweli. Tena wanaojaribu kukadiria kwa macho hupotoka sana. Mwaka 1992 watafiti wa New York waliwapima watu wenye unene waliolalamika kwamba hawapungui hata wale kidogo namna gani. Ilionekana kwamba walikuwa wakiripoti karibu nusu tu ya kalori walizokula, na hawakuwa wakidanganya kwa makusudi. Jicho halioni mafuta yaliyonywewa na chakula, wala halikumbuki kipande cha ugali kilichomegwa mezani baada ya wengine kuinuka.

Kwa hiyo usihesabu kwenye sahani. Hesabu kwenye pakiti, kwa sababu pakiti haikosei. Unga wa mahindi una takriban kalori 360 katika kila gramu 100, kwa hiyo pakiti ya kilo mbili ina kama 7,200. Nyumba ya watu wazima watano inayomaliza pakiti kwa chakula cha jioni mara mbili inampa kila mmoja kalori 720 za ugali peke yake, kabla ya mboga, kabla ya samaki. Ugali ukiliwa mchana pia kwa kiasi hicho hicho, zimeshafika 1,440. Lita moja ya mafuta ya kupikia ina kalori zipatazo 8,200. Nyumba hiyo ikiimaliza kwa wiki moja, kila mtu amekula 235 za mafuta kwa siku, bila kipande chochote cha chakula kuongezeka machoni pake. Kilo mbili za sukari kwa wiki kwa ajili ya chai na uji zinaongeza nyingine 225. Anayenunua mafuta ya kupima dukani ana nafasi nzuri zaidi ya kujua hesabu yake kuliko mwenye mtungi wa lita tano, kwani kila siku anajua ametumia kiasi gani. Kijiko kimoja kikubwa ni kalori 120.

Sasa tazama maana yake kwa yule mama wa kilo 82. Akipima unga wake, gramu 120 badala ya 200 kwa chakula cha jioni, amepunguza karibu 290. Nyumba ikitumia nusu ya mafuta na nusu ya sukari iliyozoea, zinapungua 230 nyingine. Jumla ni 520, zaidi ya alizotakiwa kutoa, na hajagusa samaki, hajaacha mboga, hajanunua unga wa shayiri wa bei ghali kutoka supamaketi. Gharama ya nyumba imeshuka badala ya kupanda. Hili nalisisitiza kwa sababu watu wengi hapa wameaminishwa kwamba kupunguza mwili ni shughuli ya wenye pesa.

Kuna wanaosema dawa ni kuacha ugali kabisa. Najua wamewaona watu wakipungua kwa njia hiyo, na sishangai: ukiondoa kwenye siku yako kitu chenye kalori 1,000, utapungua. Lakini utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa 2018, uliowafuata watu wazima 609 kwa mwaka mmoja, ulilinganisha waliopunguza wanga na waliopunguza mafuta, na haukukuta tofauti ya maana katika uzito walioupoteza. Kilichotofautiana sana ni mtu na mtu ndani ya kila kundi. Kwa hiyo chagua njia utakayoweza kuishi nayo. Kwa familia ya Kijaluo ambako mgeni bila kuon, yaani ugali, hajalishwa, kipande kidogo cha ugali kilichopimwa kitadumu miaka, lakini marufuku ya ugali haitamaliza msimu.

Samaki naye asisingiziwe. Ziwa limetupa chakula kinachomfaa anayepunguza mwili kuliko karibu vyote vinavyotangazwa. Gramu 100 za ngege (tilapia) mbichi zina kalori zisizofika 100 na protini ya gramu 20 hivi. Omena mkavu kwa uzito wake ana protini ya nusu au zaidi. Protini hushibisha, na hulinda misuli isiyeyuke pamoja na mafuta ya mwili. Shida huanza kwenye karai. Ngege aliyezamishwa kwenye mafuta yanayochemka mpaka mkia ukakauka anaweza kukaribia maradufu ya kalori alizokuwa nazo, na mchuzi wake ukianza upya kwa mafuta ya vitunguu, umeongeza tena. Mfano ulio wazi zaidi uko Obunga, kwenye mgongo wazi: mifupa ya mbuta (sangara) inayobaki baada ya viwanda kuchukua minofu, ambayo akina mama hukausha na kukaanga mpaka iwe rangi ya dhahabu. Imeshibisha nyumba nyingi na kusomesha watoto, nami siibezi. Ila nyama iliyobaki kwenye mfupa huo ni kidogo, na sehemu kubwa ya kalori anazolipia mnunuzi ni mafuta ya karai. Anayeweza kupata omena, au kichwa cha mbuta cha kuchemsha na nyanya, atashiba kwa kalori chache zaidi. Mboga za kienyeji kama osuga, dek na apoth zilizochemshwa na kutiwa maziwa kidogo badala ya mafuta zinajaza tumbo kwa kalori ambazo hazistahili hata kuandikwa.

Wengine watauliza: kwa nini nisile nishibe, kisha nikatembea hadi Dunga na kurudi? Jibu bora linatoka jirani, Tanzania. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walipima nishati inayotumiwa na Wahadza wa eneo la Ziwa Eyasi, watu wanaowinda, wanaochimba mizizi na kutembea kilomita nyingi kila siku. Ukizingatia ukubwa wa mwili, walitumia kalori karibu sawa na wakazi wa miji ya Marekani na Ulaya. Yaonekana mwili hubana matumizi yake mengine mtu anapofanya kazi nyingi. Ndiyo maana napendekeza kuzidisha kwa 1.375 hata kama unajiona mtu wa mbio, na kutojirudishia kalori za mazoezi kwa mandazi. Tembea kwa ajili ya moyo, misuli na shinikizo la damu. Na tusijitetee kwa kusema unene ni wa ukoo. Utafiti wa Waluo waliohamia Nairobi kutoka vijiji vya ufuo wa ziwa, uliochapishwa 1990 na N. R. Poulter na wenzake, ulionyesha shinikizo la damu likipanda tangu miezi ya mwanzo, na uzito wa wahamiaji ukiwa juu ya ule wa wenzao waliobaki nyumbani. Damu ya ukoo ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni maisha na chakula.

Pingamizi linalouma zaidi ni la majirani. Katika kaunti hizi, mtu akikonda hupewa ugonjwa kabla hajafika getini. Utafiti wa KENPHIA wa 2018 ulikuta maambukizi ya virusi vya UKIMWI kwa asilimia 19.6 ya watu wazima Homa Bay, 17.5 Kisumu na 15.3 Siaya, na kizazi kizima kimezika watu waliokonda. Hofu hiyo ina sababu, na haitaondolewa kwa kucheka. Ninachoshauri ni kupungua polepole, nusu kilo kwa wiki au chini yake, na kuwaeleza wa nyumbani unachofanya. Uzito unaopungua bila wewe kubadilisha chakula ni jambo jingine: huo hupelekwa hospitali, ukapimwe kifua kikuu na sukari. Anayetumia dolutegravir, dawa ya virusi vya UKIMWI, ajue kwamba majaribio ya Afrika Kusini na Kamerun yaliyotolewa 2019 yalionyesha dawa hizo zikiambatana na kuongezeka uzito. Asiziache, azungumze na kliniki yake. Mjamzito, anayenyonyesha, aliye chini ya miaka 18, na mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au glibenclamide wasianze hesabu hii bila mtaalamu wa lishe, na hospitali kama ya Jaramogi, ile tunayoiita Russia, inao.

Mwishowe, mizani itasimama, na hapo wengi hukata tamaa. Hesabu ya zamani, kwamba kalori 7,700 ni kilo moja ya mafuta ya mwili, huahidi kilo zinazoshuka kwa mwendo mmoja milele. Kevin Hall na wenzake walionyesha katika jarida la Lancet mwaka 2011 kwamba sivyo: kila kalori 24 unazopunguza kwa siku, ukidumu nazo, huleta upungufu wa kilo moja hivi, nusu yake ikija mwaka wa kwanza na karibu yote ifikapo wa tatu. Jipime mara moja kwa wiki, asubuhi ile ile, na uamue kwa mwendo wa mwezi. Mama wetu akifika kilo 74, kanuni ile ile itampa matumizi ya kalori 1,910, na sahani yake ya 1,600 itakuwa pungufu kwa 300 tu. Asishuke zaidi kwa haraka. Kama shinikizo lake la damu limetulia na kiuno kimepungua, anaweza kubaki kwenye uzito huo kwa kujirudishia zile 300, ambazo ni gramu 80 na kidogo za unga mkavu.